Riwaya za zamani na kasi ya kusikiliza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaoanza kusikiliza riwaya za zamani ni hili: niongeze kasi kiasi gani ili nimalize mapema? Jibu langu ni fupi. Usiongeze. Kazi yangu ni kusoma vitabu mbele ya maikrofoni, na katika vyote ninavyosoma, sijaona vinavyoharibiwa na kasi kama riwaya za karne ya 19.

Sababu iko ndani ya sentensi zenyewe. Msomaji hutoa maneno 150 hivi kwa dakika, yaani karibu 9,000 kwa saa. Kitabu cha maarifa cha siku hizi ukikikimbiza mara moja na nusu kitastahimili, maana sentensi zake ni fupi na wazo likikupita utalikuta limerudiwa mbele kidogo. Riwaya ya zamani haikungoji. Chukua ufunguzi wa A Tale of Two Cities ya Charles Dickens (1859). Ni sentensi moja yenye maneno zaidi ya 100, na ndani yake maneno mawili yaleyale, "it was", yanarudi mara 10, mawazo yakipangwa jozi jozi. Kwenye karatasi jicho huchoka na kuanza kuruka. Kwenye sauti, kila mrudio unapiga kama ngoma, na unajikuta unaungoja unaofuata.

Ila msomaji lazima aijue kazi yake hapo. Kubwa ni kutoshusha sauti kwenye koma. Ikishuka, sikio linachukulia kwamba sentensi imekwisha, na yote yanayofuata yanakuwa vipande visivyo na mwenyewe. Kwa hiyo kwenye kila koma naiacha sauti ibaki juu kidogo, navuta pumzi ndogo pale jozi ya mawazo inapotimia, kisha naishusha mara moja tu, mwisho kabisa. Pumzi zile ni sehemu ya maana. Ukiongeza kasi ndizo zinazopotea kwanza, na baadhi ya programu zina hata kitufe cha kukata ukimya wote uliomo. Kizime.

Waandishi wenyewe waliyajua haya. Dickens alitoa riwaya zake kwa mafungu ya kila wiki au kila mwezi, na katika nyumba nyingi mmoja alisoma, wengine wakasikiliza. Kuanzia 1858 hadi 1870, mwaka aliofariki, alipanda jukwaani na kusoma kazi zake mwenyewe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hakusoma kitabu kama kilivyochapwa. Alikuwa na nakala maalumu alizozipunguza, akapigia mistari maneno ya kukazia, akajiandikia pembeni namna ya kutoa sauti. Sisi tunaosoma leo tunafanya yaleyale kwa penseli au kwenye tableti, ila hatuna ruhusa ya kupunguza.

Anayenigusa zaidi ni Jane Austen. Pride and Prejudice ilipotoka Januari 1813, ilisomwa kwa sauti nyumbani kwao, huku jirani mmoja akisikiliza bila kujua kwamba mwandishi yumo humohumo chumbani. Katika barua kwa dada yake Cassandra, Austen alilalamika kwamba mama yao anasoma haraka mno, na kwamba ingawa anawaelewa wahusika vizuri, hajui kuwasemesha inavyowapasa. Katika barua nyingine ya siku hizohizo aliona kwamba "akasema" moja mbili zingesaidia kuonyesha nani anazungumza. Miaka zaidi ya 200 imepita na bado hayo mawili, kasi na nani anasema nini, ndiyo yanayotutesa studioni.

Sura ya kwanza ya riwaya hiyo ni mfano mzuri. Bwana na Bibi Bennet wanajibizana mistari mingi bila kutajwa majina. Msomaji akibadili sauti kupita kiasi, bibi akapigishwa makelele na bwana akangurumishwa, utacheka dakika tano za kwanza na kuchoka kabla ya sura ya kumi. Mimi hubadili mwendo tu: bibi maneno yake yanasukumana, bwana anakawia kidogo kabla ya kujibu. Ukishamjua kwa kule kukawia, humpotezi tena. Na mzaha wake wote umo katika kukawia huko, jambo ambalo wengi waliosoma kitabu kimyakimya hawakuligundua.

Kuna riwaya zinazohitaji ujiandae kidogo. Frankenstein ya Mary Shelley (1818) ni simulizi ndani ya simulizi: nahodha Walton anamwandikia dada yake barua, ndani ya barua Victor Frankenstein, mtu aliyeunda kiumbe hai, anasimulia maisha yake, na ndani ya masimulizi ya Victor kiumbe chake nacho kinasimulia. Kwenye ukurasa unasaidiwa na alama za usemi, kwenye sauti hakuna alama. Ukilijua hilo mapema hutapotea. Riwaya za Kirusi nazo zina majina: mtu mmoja anaitwa kwa jina lake, kwa jina pamoja na la baba, na kwa jina la mapenzi. Andika orodha kwenye karatasi sura tatu za mwanzo, baadaye hutaihitaji.

Kabla ya kupakua, tazama urefu. Pride and Prejudice nzima huchukua saa 11 au 12, War and Peace ya Mrusi Leo Tolstoy hupita saa 60. Ukiona saa tatu, kimefupishwa. Kwa vitabu vya lugha nyingine tazama pia mfasiri, maana rekodi za bure kwa kawaida hutumia tafsiri za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha. LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanzishwa 2005, una riwaya nyingi za Kiingereza za namna hiyo. Baadhi zimesomwa na watu tofauti sura kwa sura, na mimi naona heri utafute iliyosomwa na mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho, hata kama sauti yake si ya kitaalamu. Sikiliza dakika kumi kutoka katikati ya kitabu, si mwanzo. Mwanzoni kila msomaji ana nguvu.

Kama hujawahi kabisa, anza na riwaya inayosimuliwa na mhusika mwenyewe kwa "mimi": Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847), au Great Expectations ya Dickens (1860–61). Hapo msomaji ana mtu mmoja wa kuwa, na wewe una mtu mmoja wa kumsikiliza. Middlemarch ya George Eliot, saa 30 na ushee, iache hadi sikio lizoee. Ilitoka kwa mafungu 8 kati ya 1871 na 1872, na ndivyo ningekushauri uisikilize: fungu moja, kisha siku kadhaa za kuwafikiria wale watu, ndipo uendelee na jingine.