Kipimo cha kinyama cha titi: kingamwili inafanya nini maabara

Kampeni ya saratani ya matiti ya Oktoba ikiendelea hapa Moshi, maabara yetu ya patholojia inapokea ombi lilelile: mgonjwa anataka "kipimo cha aromatesi" alichokisoma kwenye simu. Naomba tuelewane.

Aromatesi ni kimeng'enya kinachogeuza homoni za androjeni kuwa estrojeni. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye mafuta ya mwili kuliko kwenye ovari. Kingamwili ya kukitambua, yaani protini inayonasa kitu mahususi, ipo: hukinasa kwenye kipande chembamba cha kinyama (nyama kidogo iliyotolewa kwenye uvimbe ili ipimwe), na kilipo hutokea rangi ya kahawia chini ya hadubini. Hadungwi mtu, wala haitibu. Watafiti wanaitumia, lakini daktari hachagui dawa kwa hiyo. Anachokitazama ni vipokezi vya estrojeni, yaani protini za seli zinazopokea homoni hiyo, ambavyo navyo hupimwa kwa kingamwili yake. Seli za saratani zikishika rangi kuanzia asilimia 1 huhesabiwa chanya, na aliyekoma hedhi anaweza kuandikiwa anastrozole au letrozole, dawa zinazozuia aromatesi yenyewe.

Sasa utaratibu. Kinyama kiingie kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 ndani ya saa 1 tangu kitolewe, na kikae humo saa 6 hadi 72. Jina, namba ya faili, titi la kulia au kushoto na saa kilipotolewa viandikwe ubavuni mwa chombo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Fomu isiyo na sahihi ya daktari inarudishwa. Chombo kisicho na jina hakipokelewi, hata kama ndugu ametoka Rombo na hiace ya alfajiri; tunajua inauma. Kinyama kilicholetwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kinafika kimeshaanza kuoza, vipokezi vimeharibika, na jibu linaweza kusomeka hasi ilhali si hasi. Mama huyo atakosa dawa inayomfaa.

Na hili la "kisu kikigusa uvimbe, saratani inasambaa" tumelieleza mno: si kweli. Inayoipa saratani nafasi ni miezi inayopita mgonjwa akizungushwa na dawa za mitishamba huku uvimbe ukikua.

Jibu la vipokezi huchelewa kuliko lile la kwanza, linalosema kama ni saratani, kwa sababu kinyama hukatwa upya na kupakwa kingamwili. Ukiambiwa ni saratani, kabla hujarudi nyumbani muulize daktari: vipokezi vimeombwa?