Sumu gani? Namna mwili unavyojisafisha na tunavyoweza kuusaidia

Mtu akikuuzia chai, matone au unga wa "kutoa sumu mwilini", muulize: sumu gani? Atakutajia uchovu, chunusi, gesi tumboni, kitambi, labda na nguvu za kiume. Hizo ni shida zinazosumbua kweli, lakini hakuna hata moja iliyo sumu. Kwenye meza zetu za elimu kwa umma, swali la "mtaalamu, nisafishe ini kwa kutumia nini?" halikosi, hasa baada ya sikukuu, na mara nyingi anayeuliza ameshanunua chupa, anatafuta tu wa kumwambia amefanya vizuri. Jibu letu huwaudhi kidogo. Ini halioshwi. Linataka malighafi ya kufanyia kazi, na linataka kupunguziwa mzigo. Sumu zenye majina zipo, tunazila na kuzivuta hapa hapa kwetu, na kwa hizo mambo hayo mawili ndiyo yanayookoa watu.

Ini la mtu mzima lina uzito wa takribani kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba tulichokula hupitia huko kwanza kabla ya kusambaa kwingine. Wengi huliwazia ini kama chujio la chai, linajaa machicha mpaka likung'utwe. Kazi yake ni tofauti kabisa: ini hubadilisha vitu. Kemikali isiyoyeyuka kwenye maji huvunjwa au kuunganishwa na kitu kingine mpaka iyeyuke, kisha hutolewa kwa njia ya nyongo ikatoka na choo, au hurudi kwenye damu ikafika kwenye figo na kutoka na mkojo. Amonia inayotokana na protini hugeuzwa kuwa urea. Pombe hugeuzwa kuwa asetaldehidi, ambayo ni kali kuliko pombe yenyewe, ndipo ikageuzwa tena kuwa kitu kisicho na madhara. Nazo figo mbili, kila moja ikiwa na vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kwa siku na kurudisha karibu yote, tukabaki na lita moja au mbili za mkojo. Mapafu hutoa kabonidayoksaidi. Jasho kazi yake ni kuupooza mwili. Anayejifukiza au kukaa kwenye chumba cha mvuke ili atoe sumu hutoa maji na chumvi, basi.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo jikoni, nao ni muhogo. Muhogo mchungu una viambata ambavyo ukikatwa au kupondwa hutoa sianidi, sumu inayozizuia seli zisitumie oksijeni. Hata hivyo mamilioni ya watu, kuanzia Mtwara hadi Kongo, wamekula ugali wa muhogo maisha yao yote na ni wazima. Sehemu ya kwanza ya usalama huo ni kazi ya mikono: kumenya, kuloweka siku kadhaa mpaka ulainike, kuanika makopa au udaga, kutwanga na kuchekecha. Kisamvu vilevile hutwangwa kisawasawa, kikachemshwa muda mrefu bila kufunikwa ndipo tui liingie. Sehemu ya pili hufanywa na mwili wenyewe. Sianidi kidogo iliyosalia, ini huiunganisha na salfa, ikawa thaiosayaneti ambayo ukali wake ni mdogo mno, nayo hutoka kwenye mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini tunayokula: dagaa, samaki, mayai, maziwa, maharage, kunde.

Mwaka 1985, baada ya ukame, wilayani Tarime mkoani Mara watu walipatwa na ugonjwa wa konzo. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haiponi. Mazao mengine yalikuwa yamekauka, muhogo mchungu ndio uliohimili, na mwenye njaa hangoji siku za kuloweka. Uandaaji ulifupishwa, na kitoweo nacho hakikuwepo. Sumu iliongezeka sahanini wakati ule ule ini lilipoishiwa salfa ya kuikabili. Konzo imeonekana pia Msumbiji na Kongo, ikiwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huko Kongo akina mama wa eneo la Kwango walifundishwa njia rahisi ya kuongezea: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa tabaka jembamba juu ya ungo au turubai, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili gesi ya sianidi itoke, kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo ditoksi, yaani njia ya kuondoa sumu, tunayoweza kuisimamia bila kigugumizi, nayo haiuzwi kwenye chupa.

Sasa mtazame anayekunywa juisi tupu kwa wiki nzima "ili ini lipumzike". Ini lina akiba ya kiambata kiitwacho glutathioni, ambacho hukamata kemikali hatari kabla hazijaiunguza seli. Akiba hiyo hutengenezwa kutokana na protini, na hushuka mtu asipokula vizuri au akiwa mnywaji. Kwa maneno mengine, juisi tupu hulinyima ini kile kile linachokihitaji. Ubaya wa akiba hiyo kupungua huonekana wazi zaidi kwenye parasetamoli, dawa iliyomo karibu kila nyumba. Kwa kiasi sahihi ni dawa salama. Lakini sehemu ndogo ya kila kidonge ini huigeuza kuwa kemikali ya sumu, na glutathioni ndiyo huizima. Vidonge vikizidi, akiba huisha na seli za ini huanza kufa. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Aliyekonda sana, mnywaji wa kila siku, au mwenye ugonjwa wa ini atumie pungufu kwa ushauri wa mfamasia. Na soma pakiti ya dawa ya mafua: nyingi zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayemeza zote mbili anajizidishia bila kujua. Aliyezidisha apelekwe hospitali hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu siku ya kwanza dalili zaweza kuwa hafifu, na dawa ya kuzuia madhara hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Tukija kwenye sumukuvu, hapa ndipo ningependa kila kaya ielekeze hofu yake badala ya kuhofia "uchafu wa damu". Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mtama visivyokaushwa vizuri. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 walifariki, wengi wao wa Makueni na Kitui. Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliripotiwa wagonjwa 68 na vifo 20. Hao ni waliokula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haoni kitu, ila hujiongezea hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo hukua maradufu na zaidi akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kinachoogopesha ni kwamba ini lenyewe, katika hatua yake ya kwanza ya kuivunja sumukuvu, huigeuza kuwa kali zaidi. Hatua ya pili ndiyo huituliza, na hapo tena glutathioni inahitajika.

Kuchemsha hakuiondoi, wala kukaanga. Kinachosaidia huanzia shambani na ghalani: vuna kwa wakati, anika juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu, usipukuchue kwa kupiga fimbo mpaka punje zipasuke, na hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa mahindi yakiwa makavu kabisa. Nyumbani, chambua. Punje iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au iliyosinyaa, itoe. Karanga chungu mdomoni itemwe, isimezwe kwa aibu. Nawaomba sana akina mama na akina dada wanaosaga unga wa lishe wa watoto wasinunue "chenga za karanga" kwa bei ya chini, maana mara nyingi ni zile zilizobaki baada ya nzuri kuchaguliwa. Zaidi ya hayo, unga wa nafaka saba si bora kuliko wa nafaka mbili zilizo safi. Na hapa niseme jambo ambalo wataalamu wa lishe huwa hatulisemi vya kutosha: dona ni bora kuliko sembe kwa makapi yake, lakini dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe, kwa kuwa sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo kukoboa huziondoa.

Homa ya ini B ina chanjo. Mtoto huipata ndani ya chanjo ya mchanganyiko akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtu mzima hupimwa kwanza, kisha huchanjwa mara tatu.

Kuhusu vya kusafisha tumbo: sanamaki, haluli, mafuta ya nyonyo. Bibi zetu walitunywesha, na kwa aliyefunga choo sanamaki ni dawa halali, hata hospitalini ipo. Tatizo ni chai ya "kupunguza tumbo" inayonywewa kila usiku kwa miezi. Sanamaki huusukuma utumbo mpana, mahali ambapo chakula kimeshafyonzwa, kwa hiyo haigusi kilichoko kwenye damu. Mizani ikishuka asubuhi, kilichopungua ni maji na kinyesi. Pamoja navyo hutoka madini ya potasiamu, na yakipungua mno misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Choo cha kila siku kitafutwe kwenye maharage, mboga za majani, matunda na maji.

Wapo pia wanaoharibu figo kwa vitu vizuri. Mbilimbi kwenye achari au mchuzi wa samaki haina neno. Ila kule Kerala, India, madaktari waliandika kuhusu watu waliokunywa juisi nzito ya mbilimbi ili kushusha lehemu, na figo zao zikagoma kwa sababu ya chumvichumvi iitwayo oksaleti iliyoganda ndani yake. Juisi ya kijani ya majani mabichi yanayosagwa kwa mafungu kila asubuhi nayo ina mzigo huo huo. Mchicha uliopikwa ukaliwa na ugali ni chakula. Ukigeuzwa dozi, hesabu inabadilika. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye wa kujihadhari zaidi, hata na madafu na ndizi, kwa sababu ya potasiamu.

Zipo sumu ambazo mwili hauna ujanja nazo, na hapo kinga ni kutoziingiza kabisa. Udongo wa pemba wanaotafuna wajawazito, ambao Kenya wengine huuita odowa, umewahi kupimwa na kukutwa na madini ya risasi. Risasi hujificha kwenye mifupa miaka na miaka, na humfikia mtoto tumboni. Anayeshikwa na hamu hiyo aseme kliniki, kwa kuwa mara nyingi huendana na upungufu wa damu, na vidonge vya madini chuma vipo. Jiko la mkaa lisilale ndani na familia, hata mvua inyeshe vipi. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu.

Kuhusu pombe sina mengi. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake, na kahawa, supu ya makongoro au kuoga maji baridi havilikimbizi. Kuzimua asubuhi ni kuliongezea foleni. Soda nazo zihesabiwe: chupa ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya gramu 35 hivi, na sukari ikizidi, hasa kwa mtu asiyetembea, ini huigeuza kuwa mafuta na kuyahifadhi humo humo. Ini lenye mafuta linaweza kupungua mafuta hayo mtu akipunguza uzito na kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki.

Figo nyingi tunazoziona zimechoka hazikuchoshwa na "sumu" ya matangazo. Zimechoshwa na presha na kisukari visivyotibiwa, kisha zikamaliziwa na diklofenaki au ibuprofeni zinazomezwa kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na supu. Maji, kunywa mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu. Anayefanya kazi juani atahitaji mengi kuliko anayekaa ofisini, na hakuna tuzo ya kujilazimisha lita tano.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, miguu ikavimba, mkojo ukapungua au ukatoa povu lisiloisha, usinunue kitu cha kusafisha. Nenda ukapimwe damu, mkojo, presha na sukari. Na kama umekuwa ukitumia dawa yoyote, ya dukani au ya mitishamba, ichukue na pakiti yake uende nayo. Daktari hatakugombeza, anataka tu kujua ini na figo zako zimekuwa zikipambana na nini.