Miwani ya jua ikiteleza, usiilaumu pua

Simama kituo cha daladala saa saba mchana uangalie nyuso za watu: hazipiti dakika mbili kabla kidole fulani hakijasukuma miwani irudi juu ya pua. Jasho hulaumiwa, pua hulaumiwa, na wengine hujilaumu wenyewe kwa kununua ya bei rahisi. Mara nyingi tatizo ni kwamba miwani ilitoka kwa muuzaji ikaenda usoni moja kwa moja, bila mtu yeyote kuipima kwenye kichwa cha mwenyewe.

“Ikiteleza, ibane ishike kichwa.” Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayoumiza watu. Mtu anakunja mikono ya miwani kwa ndani hadi inamng'ata panjani. Kwa muda anaona imetulia. Kisha inaanza tena kushuka, na sasa kichwa nacho kinauma. Sababu ni umbo la kichwa chenyewe: kutoka panjani kwenda nyuma, kichwa kinapanuka. Umewahi kubana kokwa la embe lenye majimaji kwa vidole viwili? Ukizidisha kubana, linachomoka. Miwani inayobana mbele ya masikio hufanya hivyohivyo, inajisukuma yenyewe kwenda mbele.

Kinachoishika ni mkunjo wa nyuma ya sikio. Mkono wa miwani unatakiwa upite ubavuni mwa kichwa bila kubana, kisha uanze kushuka mara tu unapovuka kilele cha sikio, na ncha yake ifuate mfupa wa nyuma ya sikio bila kuuchimba. Mkunjo ukianza mbali zaidi ya hapo, miwani itateleza hadi mkunjo ulifikie sikio, ndipo isimame. Ndiyo maana miwani yako husimama palepale kila siku, nusu ya pua. Ukianza mapema mno, utachubuka juu ya sikio. Basi ivae, isukume ikae unapotaka, mwambie mtu akuwekee alama ya kalamu pale mkono unapovuka kilele cha sikio. Mkunjo uhamie hapo.

Sasa moto. “Plastiki ni plastiki, pitisha kiberiti chini yake.” Hapana. Fremu nzito za asetati, zile ambazo ukizimulika unaona waya mwembamba wa chuma ndani ya mkono, hulainika kwa joto la nyuzi 50 hadi 60 hivi na hukunjika vizuri. Kiberiti kinaziunguza, na maji yanayochemka yanaweza kuziacha na weupe usiofutika. Tumia maji ya moto ambayo huwezi kuvumilia kuweka kidole, lakini yasiyotokota. Tumbukiza ncha ya mkono tu kwa nusu dakika hivi, kunja taratibu, shikilia, kisha iingize kwenye maji baridi igande na umbo jipya. Ikigoma, rudia kwenye maji ya moto, usitumie nguvu. Fremu nyepesi za kumiminwa kwenye kalibu, ambazo ukipapasa unahisi mstari wa maungio, mara nyingi hurudi zilivyokuwa au huvunjika. Hizo ziache. Mikono ya chuma haihitaji joto kwenye chuma chenyewe. Kinachohitaji joto ni ile soksi ya plastiki iliyo mwishoni.

Nimesema ncha tu kwa sababu nililipa ada ya somo hilo. Nilizamisha miwani nzima kwenye beseni, kioo kikiwa cha polaroidi, yaani kile kinachokata mng'ao. Kioo cha aina hiyo huwa na utando uliobanwa katikati ya tabaka, na joto linaweza kuyaachanisha. Nilipoitoa, pembeni mwa kioo cha kushoto kulikuwa na kitu kama ganda la kitunguu. Kuiacha kwenye dashibodi ya gari juani nako kunaiharibu hivyohivyo, polepole tu.

“Ikikaa sawa mezani, imenyooka.” Mezani ndiyo. Lakini binadamu wengi sikio moja liko juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo fremu iliyonyooka kabisa inaweza kukaa upande usoni, na iliyopinda kidogo ikakaa sawa. Kioo cha ukutani ndicho hakimu. Mafundi wana kanuni rahisi ambayo mwanzoni inaonekana kinyume: upande ulio juu, mkono wa upande huohuo unakunjwa kwenda juu, ulio chini, unakunjwa kwenda chini. Mkono ukipanda, fremu ya mbele inashuka.

Skrubu iliyolegea haihitaji gundi kali ya matone. Mvuke wa gundi hiyo huacha ukungu mweupe kwenye kioo. Kaza kwa bisibisi ndogo, kisha dondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kichwa cha skrubu.

Na pedi za pua? Kama fremu ina zile ndogo za silikoni zenye vijiti vya chuma, kuzisogeza karibu kunainua miwani, kuzitanua kunaishusha. Fremu isiyo nazo unaweza kuibandikia vipande vya silikoni, msaada mkubwa kwa sisi wenye daraja pana la pua, maana fremu nyingi hazikuchongwa zikitufikiria.

Lakini ipo miwani isiyorekebishika. Ndani ya mkono mara nyingi utakuta namba kama 52, 18 na 140: upana wa kioo kimoja, upana wa daraja la puani, na urefu wa mkono, zote kwa milimita. Kama mikono inatanuka kwa nje kabla hata haijafika masikioni, fremu ni nyembamba kwako. Mpe mwanao, ukatafute iliyo pana zaidi.