Slomo imepotea baada ya kuapdeti simu? Angusha sarafu kwanza

Kocha alifika kibandani kwangu, Mtaa wa Aggrey, kabla sijamaliza kufungua makufuli. Ni mtu mzima, anafundisha makipa wa timu ya mtaani kule Temeke, na simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama kabeba mayai.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii. Imejiapdeti usiku, nimeamka slomo haifanyi kazi. Kitufe kipo, narekodi vizuri, lakini video inatoka mwendo wa kawaida."

Kocha hatafuti mapambo ya video. Anawarekodi vijana wake wakiruka kufuata mpira, kisha anawakalisha chini na kuwaonyesha mguu upi ulianza kuondoka. Kwa macho matupu hilo halionekani. Jirani yangu, aliyekuwa anapanga makava mezani kwake, akadakia bila kuulizwa: "Hiyo ni kuflashi tu mzee, nusu saa unaondoka." Nikamwomba kocha avute kiti akae.

Nimeona niandike kwa nini sikuiflashi, yaani kuifuta na kuipakia mfumo upya, maana kila masasisho ya Android yanapotoka nawapata wateja wa namna hii, na wengi wanafika wakiwa wameshaambiwa simu ifutwe yote.

Video ya kawaida ni picha 30 kwa sekunde moja. Ukitaka slomo, yaani mwendo wa polepole, kamera inapiga picha 120 au 240 kwa sekunde hiyohiyo, halafu simu inazicheza kwa kasi ya 30. Gawa 240 kwa 30 unapata 8, kwa hiyo sekunde moja ya uwanjani inageuka sekunde 8 kwenye kioo. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilikuwa na 120, iPhone 6 ya mwaka uliofuata ikafika 240, na mwaka 2017 Sony Xperia XZ Premium ikaja na 960. Ili kufika huko ilibidi wabandike memori ndani ya kihisi chenyewe cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, kwa sababu picha zilikuwa zinamiminika kwa kasi kuliko sehemu nyingine za simu zinavyoweza kuzipokea.

Sasa, hiyo 240 haikai kwenye lenzi. Inategemea viungo vinne kuelewana. Kihisi kiwe na namna ya kusoma picha haraka, na mara nyingi kinafanya hivyo kwa kupunguza ukubwa wa picha, ndiyo maana slomo nyingi utazikuta ni 720p. Kiendeshi cha kamera, kile kipande cha programu alichokiandika mtengenezaji, kiitangazie Android kwamba 240 inawezekana. Sehemu ya chipu inayobana video ikubali kubeba mzigo huo. Halafu programu ya kamera, ile unayoigusa kwa kidole, ipeleke ombi kwa namna ambayo wenzake wataielewa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 upo mlango rasmi wa kupeleka ombi la kasi kubwa, ila watengenezaji wengi wana vichochoro vyao wenyewe, na kamera iliyokuja na simu mara nyingi hupita huko.

Sasisho likiingia, si lazima viungo vyote vinne vibadilike kwa pamoja. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, sehemu ya Android na sehemu ya mtengenezaji zimetenganishwa ndani ya simu, kwa hiyo mfumo unaweza kupanda toleo huku kiendeshi cha kamera kikibaki kilekile cha mwanzo. Mpango huo naupenda, kwa sababu umerahisisha simu kupelekewa masasisho. Lakini kiungo kimoja kikiacha kuelewana na mwenzake, unabaki na kitufe ambacho kinabonyezeka na hakifanyi kitu. Kazi ya fundi hapo ni kujua kilichokatika ni kipi, na kifaa changu cha kwanza cha kujulia ni sarafu.

Kaunta yangu ina utepe mwekundu nilioubandika mita moja kamili kutoka sakafuni. Naiweka simu kwenye stendi, nawasha slomo, naangusha sarafu ya shilingi 200 kutoka usawa wa utepe. Kitu kizito kikidondoka mita moja kinatumia sekunde 0.45. Slomo ya 240 ikiwa nzima, mdondoko huo unanaswa kwa fremu, yaani picha moja moja, kama 108, na kwenye kioo sarafu inachukua sekunde 3.6 kufika chini. Unaiona inavyojigeuza ubavu, inagusa sakafu kwa ukingo, inaruka. Huhitaji programu yoyote ya kulipia kwa kipimo hiki, wala fundi.

Sarafu ikidondoka chap kama kawaida, mambo ni mawili. Huenda picha zote zimenaswa lakini galari inazicheza haraka, au hazikunaswa kabisa. Hapo nahamishia faili kwenye kompyuta kwa waya na kulisogeza fremu moja moja. Kwa waya, tafadhali, usilitume kwa WhatsApp, maana kule video inabanwa upya na utakachohesabu hakitakuwa kile kamera ilichorekodi. Nikihesabu fremu zaidi ya 100, kamera haina kosa, galari ndiyo imesahau kupunguza mwendo. Nikipata 13 au 14, simu imerekodi 30 za kila siku. Nikipata 27, imerekodi 60.

Lipo na jibu jingine ambalo hunisumbua moyo. Fremu zinatimia 108, lakini sarafu ina kivuli cha pili pembeni na kingo zake zimeyeyuka kama mafuta juu ya maji. Hapo simu imenasa picha chache na kujaza mapengo kwa kubuni. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini, sawa, inapendeza. Kwa mtu kama kocha, anayetafuta mguu ulioondoka kwanza, fremu ya kubuniwa inamwonyesha kitu ambacho hakikutokea. Mwenye kazi ya namna yake anatakiwa kulijua hilo kabla ya kununua simu.

Kwenye simu ya kocha nilihesabu 13. Nikaangusha tena, 14. Hazikunaswa.

Nikaanza na jepesi. Nikaingia Mipangilio, kwenye programu, nikaichagua Kamera, nikafuta akiba kisha nikafuta hifadhi yake. Kocha akashtuka kuona neno "futa", nikamtuliza: hapo picha hazifutiki, kinachofutika ni mipangilio ya kamera iliyobaki tangu toleo la zamani. Simu nyingi hupona hapohapo. Nikaangalia pia kama sasisho limewasha hali ya kuokoa betri, na kama video zimeelekezwa kwenye memori kadi. Kadi ya daraja la 10 inahakikishiwa kuandika megabaiti 10 tu kwa sekunde, na zile za bei poa zinazouzwa juu ya turubai hata hizo hazifiki, kwa hiyo slomo ni bora iende kwenye hifadhi ya ndani. Kote huko kulikuwa sawa. Sarafu, fremu 13.

Ndipo nikaiuliza simu yenyewe. Unagusa nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke, unawasha utatuzi wa USB, unaunganisha na kompyuta yenye adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kompyuta, unaandika: adb shell dumpsys media.camera. Simu inamwaga maelezo marefu ya kila kitu ambacho kamera zake zimejitangazia. Ndani yake natafuta mstari mmoja unaotangaza video ya kasi kubwa, CONSTRAINED_HIGH_SPEED_VIDEO, na chini yake orodha ya ukubwa na kasi. Kwa kocha mstari ulikuwepo, na orodha ikasema 1280 kwa 720, 120 na 240.

Nilifurahi, na nikamgeuzia kocha kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Maana yake kihisi ni kizima, na kiendeshi bado kinatangaza uwezo ule ule wa jana. Aliyeshindwa kuomba ni programu ya kamera. Ili kuhakikisha nikapakua Open Camera, ambayo ni ya bure, nikaiambia kwenye mipangilio yake itumie Camera2, njia rasmi ya Android ya kuongea na kamera, nikachagua kasi ya 240. Nikaangusha sarafu: fremu 107. Kocha akaomba aangushe na yeye. Akaangusha mara mbili, ya pili akaidaka kwa mguu.

Angeweza kuondoka na Open Camera na mambo yakaisha, lakini alishaizoea kamera yake. Nikarudi kwenye mipangilio ya Kamera, nikagusa vidoti vitatu pembeni, nikachagua kuondoa masasisho. Ile programu ilikuwa imesasishwa kivyake kutoka duka la programu miezi kadhaa nyuma, na toleo hilo lilikuwa bado limekaa juu ya lile lililokuja na mfumo mpya. Nikalitoa, nikazima simu na kuiwasha. Sarafu, sekunde tatu na nusu na ushee. Jumla ya muda ilikuwa kama dakika 40, pamoja na chai.

Na kama mstari ule usingekuwepo? Basi kiendeshi chenyewe ndicho kimeacha kuitangaza 240, na hakuna programu ya dukani itakayoilazimisha. Mambo haya nayaona sana kwenye simu zilizowekewa mfumo usio wa kiwandani: Android inapanda vizuri, simu inakuwa nyepesi, lakini vile vichochoro vya mtengenezaji vimebaki kwenye mfumo aliouacha, pamoja na kamera iliyovijua. Kwenye simu ya kiwandani, namshauri mteja amtumie mtengenezaji taarifa ya hitilafu kupitia programu ya huduma iliyomo kwenye simu, ataje toleo na aambatanishe video ya sarafu, kisha asubiri sasisho linalofuata. Najua kusubiri kunachosha. Lakini kurudisha mfumo wa zamani kwa nguvu ni hatari: Android ya sasa ina kinga dhidi ya kurudishwa nyuma, na simu nyingine ukijaribu inagoma kuwaka kabisa. Halafu kufungua kufuli la mfumo ili uweze kuflashi kunafuta kila kilichomo ndani.

Hilo la kufuta nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili hapa Kariakoo nilimflashia dada mmoja simu kwa tatizo la kamera, bila kupima, bila kuuliza kama kuna picha hajazihifadhi pengine. Kamera ilipona. Picha za mwisho za mama yake zilikuwa mle ndani. Alilia pale pale kwenye kaunta, na sikuwa na cha kumrudishia. Tangu siku ile, mteja akifika hapa swali la kwanza ni kuhusu picha zake, na kama hazijahifadhiwa tunazihamisha kwanza, hata kama foleni imefika barabarani.

Wenye iPhone kwenu kuna jambo moja la kuangalia. Ingia mipangilio ya Kamera, sehemu ya miundo. Ukichagua ule muundo unaoendana na vifaa vingi, 1080p ya 240 inaondoka kwenye orodha, kwa sababu inahitaji mbano mpya wa HEVC. Rudisha ule wa ufanisi mkubwa na itarudi. Na kama video imenaswa vizuri lakini inacheza haraka, ifungue kwa kuihariri, usogeze alama za chini zinazoonyesha polepole ianzie wapi na iishie wapi.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kocha mazoezi yanaanza saa ngapi. Saa kumi na moja jioni mpaka giza. Nikamwambia kuna wakati ataona slomo imeharibika tena, na haitakuwa kosa la simu wala la sasisho. Kwenye video ya 30, kila picha inaweza kukusanya mwanga hadi sehemu ya 1 kati ya 30 ya sekunde. Kwenye 240 haiwezi kuzidi sehemu ya 1 kati ya 240, yaani mwanga unapungua mara 8. Jua likishazama picha inajaa chenga, na ukibaki kwenye 240 hakuna mpangilio wa kuiokoa. Akihamia chini ya taa za umeme atakutana na jingine: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapwesa mara 100 kwa sekunde, na kamera ya 240 inazikamata zikififia na kuwaka. Uwanja mzima utaonekana unapumua. Arekodi ya 240 kabla ya saa kumi na mbili, baada ya hapo ashuke kwenye 120 apate mwanga zaidi.

Wiki iliyofuata alipita tena, safari hii na kijana wake mmoja, mrefu, mwenye glavu zilizochanika kidole gumba. Hawakuwa na tatizo la simu. Kocha aliniwekea video juu ya kaunta: penalti, kijana anaruka kulia. Akaisogeza kwa kidole, taratibu, mpaka pale kisigino cha kushoto kinapopiga hatua fupi kurudi nyuma kabla mwili haujaanza kuondoka.

"Umekiona?" akamuuliza kijana.

Kijana akainama karibu na kioo, akairudisha mwenyewe.