Kwa Nini Bomba la Mtaa wa Bondeni Hupasuka Usiku: Kumbukumbu za Matengenezo na Utunzaji wa Miundombinu ya Maji Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya anapotoka alfajiri akakuta maji yanabubujika katikati ya barabara, neno la kwanza kinywani mwake ni kwamba mabomba yamechakaa. Sisi wahandisi nasi, tukiulizwa, mara nyingi tumejibu hivyo hivyo, kwa kuwa jibu hilo ni jepesi na halimgusi mtu yeyote: bomba ni la zamani, fedha za kulibadilisha hazijapatikana, tuvumiliane. Katika miji iliyojengwa kwenye miteremko jibu hilo ni la kweli kwa sehemu tu, na sehemu iliyobaki haionekani mpaka mtu afungue karatasi anazojaza fundi baada ya kufukia shimo.

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Loleza na milima jirani, na sehemu ya maji yake hutoka kwenye vijito na chemchemi za milimani yakashuka mjini kwa mserereko bila kuhitaji pampu. Iringa hali ni kinyume chake, kwani mji umekaa juu ya ukingo wa bonde na maji ya Mto Ruaha Mdogo hayana budi kupandishwa kwa pampu. Miji hiyo miwili inatawaliwa na kanuni moja: kila mita 10 za kimo cha maji huzaa presha ya bar 1. Tenki likiwa mita 120 juu ya nyumba za bondeni, bomba la bondeni hubeba bar 12 maji yanapotulia, ilhali bomba la plastiki lenye alama ya PN10 limetengenezwa kubeba bar 10. Mchana, watu wanapofua, wanapopika na kuosha magari, maji hukimbia na sehemu ya presha humezwa na msuguano ndani ya bomba. Ikifika saa nane usiku koki zimefungwa, maji yamesimama, na uzito wote wa mlima umeliegemea bomba la chini.

Niliwahi kufanya kazi katika mamlaka moja ya maji ambako palikuwa na laini fulani ya bondeni iliyochimbuliwa mara nyingi kiasi kwamba waendesha bodaboda walipageuza kuwa kituo: abiria akisema "nishushe pale shimoni" hakuna aliyeuliza shimo lipi. Pendekezo lilikuwa mezani la kung'oa laini nzima na kuweka mpya. Daftari la dharura halikuweza kulipinga wala kuliunga mkono, kwa sababu kila mstari ulisema jambo lile lile: tarehe, jina la mtaa, "bomba limepasuka, limetengenezwa". Fundi mmoja kijana aliomba safu nne ziongezwe kwenye fomu, yaani saa ambayo taarifa ilipokelewa, aina na kipenyo cha bomba, kina chake ardhini na umbo la mpasuko. Wazee wa kazi walimcheka kidogo; nami, nikiri, nilidhani anajiongezea kazi ya kuandika.

Baada ya msimu mmoja karatasi zilikuwa zimeanza kusema. Mipasuko mingi ilikuwa nyufa ndefu zilizofuata urefu wa bomba, taarifa zake zikipokelewa alfajiri. Mita mia chache kupanda mlima, bomba lile lile, lililolazwa kwenye mtaro ule ule na mwaka ule ule, lilikuwa halijaguswa. Kama tatizo lingekuwa umri, vipande vyote viwili vingeumwa pamoja. Tulifunga kifaa cha kurekodi presha kwa wiki moja, grafu ikapanda kila usiku na kushuka kila asubuhi, nasi tukajenga chemba na kuweka vali ya kupunguza presha kabla ya mteremko mkali. Mipasuko ilipungua, ingawa kituo cha bodaboda kimebaki na jina lake.

Umbo la mpasuko ndilo jambo ambalo ningependa kila fundi alitazame kabla ya kukata kipande kibovu na kukitupa. Ufa mrefu kwenye bomba la plastiki huelekeza macho kwenye presha. Vitundu vidogo kwenye bomba la chuma ni kutu, na hapo kweli umri una kesi ya kujibu. Bomba la saruji ya asbesto lililokatika kwa mzunguko, kama muwa uliovunjwa gotini, limeelemewa na magari au ardhi imesogea chini yake. Kiungio kilichochomoka kwenye kona kinauliza kama aliyelaza bomba alijenga nguzo ya zege ya kulishikilia. Mkato ulionyooka ni jembe la mwenye bustani ya bondeni au greda la barabara ya mtaa, na baada ya mvua zetu zinazoanza Novemba, ambazo huchukua udongo wa miteremko na kuacha mabomba wazi, mkato wa namna hiyo huongezeka. Magonjwa hayo matano yana tiba tano tofauti, na kubadilisha bomba ni tiba ya mawili au matatu tu kati yake.

Kuna pia pigo la maji. Kwenye bomba la chuma, maji yanayokwenda kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde yakizuiwa ghafla huongeza presha kwa takriban bar 10 kwa mara moja. Hutokea umeme unapokatika na pampu kusimama, au fundi anapofunga vali kubwa kwa haraka ili awahi kwingine. Ndiyo sababu saa ya tukio ni muhimu: ukiiweka kando ya kumbukumbu za kukatika kwa umeme unapata uhusiano ambao macho peke yake yasingeuona.

Thamani ya maji yanayopotea huwa haiaminiki mpaka mtu aipime kwa ndoo. Mvujo unaojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40 humwaga lita 43,200 kwa siku, yaani uniti 43, ambazo ni matumizi ya zaidi ya miezi minne kwa familia inayotumia uniti 10 kwa mwezi. Mvujo unaotokeza barabarani ni wa heri, kwa kuwa utaripotiwa siku hiyo hiyo. Wa hatari ni ule unaoingia kwenye kokoto au kwenye mtaro wa maji ya mvua, ukakaa miezi bila mtu kuuona. Huo hutafutwa kwa kusoma dira kubwa iliyo kwenye bomba linalotoka tenkini kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati ambapo wateja wengi wamelala. Maji yanayopita saa hiyo yanapaswa kuwa kidogo. Hapa kwetu lazima kupunguza kwenye hesabu kiasi kinachojaza simtanki za majumbani, kwa maana nyingi hujaa usiku presha inapokuwa nzuri, na mchambuzi anayesahau hilo ataona mivujo isiyokuwapo.

Pampu nayo huficha ugonjwa wake, tena kwa gharama kubwa zaidi. Kupandisha uniti moja ya maji kwa kimo cha mita 100 kunahitaji kilowati-saa 0.27 za umeme kama hakuna kinachopotea. Pampu na mota yake zikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 65, zinatumia kama 0.42, mchanga wa masika ukishakula impela, yaani gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, na ufanisi ukashuka hadi asilimia 45, zinatumia takriban 0.60. Kituo kinachosukuma uniti 2,000 kwa siku kwa kimo hicho kitakuwa kinachoma takriban kilowati-saa 370 za ziada kila siku, na pampu haipigi kelele wala haisimami. Kinachoitoa hadharani ni kugawanya umeme uliotumika kwa maji yaliyosukumwa, kila mwezi, na kuangalia jibu linaelekea wapi. Hesabu hiyo ya darasa la tano mara nyingi haifanyiki kwa sababu ankara ya umeme inakaa uhasibuni na daftari la maji linakaa kwa mwendesha pampu bondeni, na watu wawili wenye nusu nusu za jibu hawakutani.

Lisije likaeleweka kwamba matengenezo kinga ni kufungua kila mashine kila baada ya muda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanabaiolojia Mwingereza C. H. Waddington alichunguza ndege za doria za baharini za Jeshi la Anga la Uingereza akakuta kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha zikapungua taratibu: ukaguzi wenyewe ulikuwa ukizalisha hitilafu. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wa shirika la ndege la United la Marekani, walionyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya vipuri vya ndege walivyochunguza vilivyoonyesha dalili za kuchoka kwa umri. Bomba si ndege, na kutu ni kutu. Lakini pampu iliyofunguliwa bila sababu, ikarudishiwa gasketi iliyokaa upande, nimeiona. Beringi ipimwe joto na mtetemo kwanza, kisha kipimo ndicho kiamue. Kazi za kalenda zipo na zibaki: kusafisha kidakio, yaani mahali maji yanapochukuliwa mtoni, kabla ya mvua, kuosha machujio, kupaka grisi, na kufungua na kufunga vali ambazo zikiachwa miaka mingi hugoma siku unapozihitaji.

Hapo ndipo mpango wa mwaka unapopata miguu. Bomba kuukuu linalolisha nyumba chache na linaloweza kuzungukwa kwa laini nyingine linaweza kungoja. Pampu pekee inayopeleka maji hospitali haingoji hata kama bado inang'aa, kwa kuwa tunazidisha uwezekano wa kuharibika kwa ukubwa wa madhara, hatutazami umri peke yake.

Vyombo vya watumia maji vijijini, vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, visidhani jambo hili linangoja kompyuta. Daftari la shule lenye safu za tarehe, saa, mahali, aina ya bomba, umbo la mpasuko na vifaa vilivyotumika linatosha kuanzia, mradi lijazwe pale pale mtaroni, mikono ikiwa bado na udongo, kwa maana fomu inayojazwa Ijumaa jioni kwa kukumbuka wiki nzima hujaa makisio. Simu ya kawaida inaweza kuchukua alama ya mahali vali ilipo, jambo ambalo limekuwa likikaa kichwani mwa fundi mpaka anastaafu nalo, na kuwaacha wenzake wakitafuta kwa sururu chini ya kibanda cha chipsi.

Mwananchi anayepiga simu kuripoti mvujo anaweza kuokoa nusu ya kazi hiyo. Taja mtaa na namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu, sema uliona saa ngapi na kama maji ni meupe au yana tope, usilifukie eneo kabla fundi hajafika. Na kama mvujo huo hunywea mchana na kufura usiku, litaje hilo kwanza.