Mwanasaikolojia wa shule Marekani: yanayosemwa na yalivyo

"Ukiwa na huruma na watoto, kazi unaiweza." Hapana. Chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani, NASP, kinataka krediti zisizopungua 60 za masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, kisha saa 1,200 za mafunzo kazini chini ya msimamizi, walau 600 kati yake zikiwa shuleni. Kwa wengi hiyo ni miaka mitatu. Udaktari si lazima.

"Kazi yenyewe ni kumsikiliza mtoto akilia." Ipo, ila ni kipande tu. Mtoto anarusha viti: mwanafunzi wa fani hii hukaa nyuma ya darasa na kuandika kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Akikuta kwamba viti huruka kila somo la hesabu linapoanza, na kila mara mtoto hutolewa nje, basi adhabu ndiyo inayompa anachokitaka. Baada ya hapo, mwanasaikolojia hukaa na mwalimu, si na mtoto peke yake.

"Akifeli kipimo cha akili, ana ulemavu." Hapa Waswahili tutege sikio, maana watoto wengi wakimbizi kutoka Congo wako katika shule hizo. IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na inakataza kumwita mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Kutafsiri maswali papo hapo hakutoshi: neno jepesi kwa Kiingereza laweza kuwa gumu kwa Kiswahili, na alama zilipangwa kwa kuwapima watoto wengine kabisa. Kwa hiyo kufanya kazi na mkalimani ni ujuzi wa kujifunza: kukutana naye kabla, kumweleza asimdokezee mtoto jibu, kutomtwika kaka mtu kazi hiyo. Tena mkalimani wa Unguja na mtoto wa Bukavu wote husema Kiswahili, lakini jaribu kuwakutanisha uone.

"Kumuuliza kijana kama anawaza kujiua ni kumtia wazo." Si kweli. Wanafunzi hufundishwa kuuliza waziwazi, na kumwambia kijana tangu mwanzo kwamba maisha yakiwa hatarini siri haitatunzwa.

"Wataalamu ni haba kwa sababu vijana hawaitaki kazi." NASP hupendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, na shule nyingi ziko mbali na hapo. Lakini nani ataishi mwaka mzima wa mafunzo bila posho, na katika wilaya isiyo na msimamizi atasimamiwa na nani? Baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, Bunge la Marekani lilitenga mwaka 2022 dola bilioni 1 kwa afya ya akili shuleni, na sehemu yake ilikuwa ya kuandaa wataalamu wapya. Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kutoiendeleza mingi ya misaada hiyo. Majimbo kadhaa yakaenda mahakamani.