Miche ikisongamana, kinyausi hupata njia

Kila masika yakikaribia hapa Nairobi, naulizwa dawa ya kunyunyizia miche ya sukuma wiki inayoanguka kitaluni. Kabla ya kutaja dawa yoyote, mimi huuliza mbegu zilisiwaje. Mara nyingi pakiti nzima imemwagwa mahali pamoja, ikaota kama zulia.

Kinyausi, ndio ugonjwa huo unaoangusha miche, huletwa na vimelea vya udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia. Shina huoza pale linapotokeza ardhini, likanywea na kuwa jembamba, na mche ukalala chini majani yakiwa bado mabichi. Chunguza jinsi miche inavyokufa: ni nadra kuanguka mmoja hapa, mwingine kule. Hufa kwa kiraka cha mviringo kinachopanuka siku hadi siku, kwa kuwa ugonjwa unapita kutoka mche hadi mche wa jirani.

Rhizoctonia, ambayo ni kuvu, husafiri kwa nyuzi zake. Huutafuna mche mmoja, na kwa chakula hicho hurefusha nyuzi udongoni kutafuta mwingine. Kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyoishiwa nguvu, na baada ya sentimita chache huenda isifike kabisa. Ndiyo maana nafasi ikiongezwa kidogo tu, kiraka ambacho kingemaliza kitalu chote kinaweza kuishia palepale. Pythium nayo huogelea kwenye maji yaliyo katikati ya chembe za udongo, na miche iliyobanana huutia udongo kivuli usikauke. Hapo msongamano umekuumiza mara mbili.

Mwaka 1975, watafiti Burdon na Chilvers wa Australia walichapisha majaribio ya Pythium kwenye miche ya mboga ya jamii moja na sukuma wiki. Miche ilipokaribiana, ugonjwa ulisonga mbele upesi; ilipoachana, ulijikokota. Nauthamini sana utafiti huo, kwa sababu muda ndio tunaoutafuta. Shina likishakomaa, wiki mbili tatu baada ya kuota, Pythium hupata shida kuliangusha. Yatosha kuichelewesha mpaka hapo.

Kwa hiyo sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kisha punguza miche ibaki sentimita 2 au 3 kati ya mmoja na mwingine. Najua inauma kung'oa miche mizima, hasa ya mbegu chotara ulizonunua ghali. Ing'oe tu. Ukiwa Embakasi kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, au ukisia wakati wa baridi ya Julai ambapo miche hukawia kukomaa, achanisha zaidi na umwagilie asubuhi.

Kiraka kikishatokea, ondoa pia miche inayokizunguka hata kama inaonekana mizima, pamoja na udongo wake, kwa maana nyuzi zimeshatangulia mbele ya unachokiona. Udongo huo usiurudishe kitaluni wala usiujazie gunia la kupandia mboga; Rhizoctonia huweza kukaa humo miaka kadhaa bila mmea wowote.